Rasimu ya Kwanza: Kile Ambacho Sheria ya California Inawadai Polisi Wanaotumia Akili Mnemba

Tangu Januari 1, 2026, polisi wa jimbo la California nchini Marekani wanaoandikiwa ripoti za matukio na akili mnemba wana sheria yao. Ilianza kama Muswada wa Seneti namba 524, na Gavana Gavin Newsom aliutia saini Oktoba 2025. Walioisifu na walioibeza wameizungumzia karibu kwa namna moja: ni sheria ya lebo. Inamtaka askari aseme kwamba ripoti imeandikwa, yote au sehemu yake, kwa programu fulani, kisha aweke saini kuthibitisha kwamba ameipitia na yaliyomo ni kweli. Lebo imo, na saini imo, lakini hayo ndiyo mepesi. Uzito uko kwenye sharti ambalo wasomaji wengi wamelipita haraka: rasimu ya kwanza iliyotoka kwenye programu lazima itunzwe kwa muda uleule inaotunzwa ripoti rasmi. Ninachoshikilia katika makala haya ni kwamba udhibiti wa teknolojia ya polisi, iwe ya kuandika ripoti au ya kutambua nyuso, una nguvu kadiri unavyolazimisha kumbukumbu za kila hatua zitunzwe na zifike kwa upande wa utetezi kabla kesi haijaamuliwa. Usahihi wa programu, ambao ndio unaogombaniwa sana, unakuja nyuma ya hilo, kwa sababu bila kumbukumbu hakuna namna ya kuupima usahihi huo katika kesi ya mtu mmoja.

Tuanze na jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Programu inayojulikana zaidi katika soko hili ni Draft One ya kampuni ya Axon, kampuni ileile inayouza kamera za kifuani kwa idara nyingi za polisi. Ilizinduliwa Aprili 2024. Askari akimaliza tukio, rekodi ya kamera hupandishwa kwenye hifadhi ya kampuni. Sauti hugeuzwa kuwa maandishi, na modeli ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kutunga maandishi, huyachukua maandishi hayo na kutunga masimulizi yenye mtiririko, yakiwa na nafasi zilizoachwa wazi ili askari ajaze yale ambayo sauti haikuyabeba. Askari hujaza, hurekebisha, hukiri kwamba amesoma, halafu huyahamishia maandishi kwenye mfumo wa ripoti wa idara yake. Mambo mawili hapa yanahitaji kushikwa. Kwanza, kinachosomwa na modeli ni sauti, si picha. Pili, programu hii iliundwa kwa makusudi isiitunze rasimu ya mwanzo baada ya askari kumaliza kazi. Ripoti ikishahamishwa, alama za nani aliandika sentensi ipi hupotea. Wanaofuatilia baadaye, yaani mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi na jaji, wanaona maandishi mamoja yenye sauti moja, nayo ni sauti ya askari.

Makosa yanayotokana na mpangilio huu si ya aina moja. Lile lililosambaa zaidi lilitoka Heber City, jimbo la Utah, ambako idara ya polisi ilikuwa ikijaribu programu za namna hii. Rasimu ikaeleza kwamba askari aligeuka chura, kwa sababu sinema ya watoto ilikuwa ikichezwa kwenye televisheni karibu na kamera na maneno yake yakaingia kwenye masimulizi. Watu wameibeba habari hiyo kama ushahidi wa hatari ya programu. Kwangu mimi, kosa la chura halina hatari yoyote, kwa kuwa kila anayelisoma analiona. La kuogopwa ni kosa linalofanana na kweli. Askari anapomlaza mtu chini huku akipaza sauti, “Acha kukaidi! Acha kukaidi!”, sauti inayonaswa ni ya upande mmoja. Modeli inayosoma maneno tu ina kila sababu ya kuandika kwamba mtuhumiwa alikaidi amri, ingawa picha ya kamera hiyohiyo huenda inaonyesha mtu aliyelala kimya mikono ikiwa mgongoni. Dereva aliyeulizwa kama gari lake linaweza kupekuliwa akatikisa kichwa kukataa, hakuacha neno lolote. Upepo ukivuma kwenye kipaza sauti, au watu wawili wakisema kwa pamoja, ukanusho ukimezwa inatosha kugeuza “sikumpiga” kuwa “nikampiga”. Askari anayeisoma rasimu mwisho wa zamu, ikiwa imenyooka kisarufi na inalingana kwa jumla na anachokikumbuka, hana kinachomsimamisha kwenye sentensi hiyo.

Uzito wa kosa la namna hiyo unatokana na kazi inayofanywa na ripoti. Zaidi ya asilimia 90 ya hukumu za jinai Marekani hupatikana kwa mshtakiwa kukiri baada ya makubaliano na upande wa mashtaka, bila shahidi yeyote kupanda kizimbani. Katika kesi hizo ripoti ya askari ndiyo ushahidi ambao watu wameusoma kweli: mwendesha mashtaka anapoamua kushtaki, jaji anapotoa hati au kupanga dhamana, wakili anapomshauri mteja wake akubali au akatae. Kwenye matumizi ya nguvu uzito unaongezeka. Tangu uamuzi wa Graham dhidi ya Connor wa mwaka 1989, nguvu aliyotumia askari hupimwa kwa kile ambacho askari mwenye busara angekiona na kukijua pale pale, si kwa kile kilichobainika baadaye. Ripoti basi inatakiwa kuwa kumbukumbu ya alichokiona na kukifikiri mtu huyo mmoja. Programu ikitangulia kuandika, na askari akasoma kabla hajakumbuka, hatujui tena kama tunachopewa ni kumbukumbu yake au ni kukubali kwake masimulizi ya kitu kingine.

Mtu anaweza kuuliza: Katiba ya Marekani haimlindi mshtakiwa? Inamlinda, ila ulinzi huo una shimo mahali hasa ambapo rasimu inaangukia. Uamuzi wa Brady dhidi ya Maryland wa mwaka 1963 unamlazimisha mwendesha mashtaka kutoa ushahidi unaomsaidia mshtakiwa, lakini ushahidi ulio mkononi mwa serikali. Usiokuwepo hautolewi. Kuhusu wajibu wa kuutunza usipotee, Mahakama ya Juu ilikuwa bahili. Mwaka 1984, katika kesi iliyotoka California yenyewe juu ya sampuli za pumzi za madereva walevi, ilisema polisi wanawajibika kutunza kile tu ambacho faida yake kwa mshtakiwa ilikuwa dhahiri kabla hakijaharibiwa. Mwaka 1988, katika kesi ya Arizona dhidi ya Youngblood, ikaongeza kwamba ushahidi ambao ungeweza tu kuwa na faida ukipotea, mshtakiwa lazima athibitishe nia mbaya ya polisi. Sasa mfumo unaofuta kila rasimu, ya kila askari, kila siku, hauna nia mbaya dhidi ya mtu yeyote. Unafuta kwa usawa. Kwa kipimo cha mwaka 1988 ufutaji huo unapita salama kabisa, na ndiyo maana ilibidi itungwe sheria ya jimbo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kilichokuwa kikipotea ni uhuru wa watu.

Hoja za upande wa pili zipo, na si zote dhaifu. Dhaifu kuliko zote ni ile ya gharama ya kuhifadhi. Rasimu ya ripoti ni maandishi ya kurasa chache, hayazidi kilobaiti makumi, ilhali idara hizohizo zinahifadhi video za saa nzima kwa miaka. Anayeweza kutunza video anaweza kutunza maandishi yaliyotokana nayo. Hoja ya muda, kwamba programu inamharakishia askari uandishi, nayo ilitangulia mbele ya ushahidi: jaribio la kitafiti lililofanywa katika idara ya polisi ya Manchester, New Hampshire, ambapo baadhi ya ripoti ziliandikwa kwa msaada wa programu na nyingine bila, halikuona kwamba uandishi uliharakishwa. Hoja yenye mwili kidogo ni kwamba polisi wamekuwa wakitupa rasimu na madokezo yao miaka yote, na Mahakama ya Juu mwaka 1961 iliona si kosa maofisa kuharibu madokezo kwa nia njema baada ya kuyaingiza kwenye ripoti. Lakini madokezo ya daftarini ni maneno ya shahidi mwenyewe yakielekea kuwa maneno yake mwenyewe. Rasimu ya programu ni maneno ya asiyekuwa shahidi yakielekea kuitwa maneno ya shahidi. Hata kwa madokezo ya kawaida, mahakama ya rufaa ya shirikisho inayoshughulikia majimbo ya magharibi, California ikiwemo, iliamua mwaka 1976 kwamba maofisa wa FBI wayatunze madokezo ya mahojiano, kwa kuwa kuamua kipi kina faida kwa mshtakiwa si kazi ya mpelelezi.

Iliyo nzito kweli ni hofu ya askari kubanwa kwa maneno asiyoyasema. Wakili wa utetezi atasimama na rasimu mkononi na kuuliza kwa nini ukurasa wa pili uliandika hivi na ripoti ikasema vile, kana kwamba askari alibadili ushahidi, kumbe alirekebisha kosa la mashine. Watunzi wa sheria ya California waliliona hilo. Kwa mujibu wa sheria hiyo rasimu haihesabiwi kuwa maelezo ya askari. Maelezo yake ni ripoti rasmi aliyoitia saini. Huo ni mpaka mzuri, na ukifikiriwa vyema rasimu inamkinga askari mwadilifu kuliko inavyomtishia. Chukua harufu ya bangi ndani ya gari. Kipaza sauti hakinusi, kwa hiyo haitakuwemo kwenye rasimu isipokuwa mtu aliitamka. Askari aliyeiongeza mwenyewe anaweza kuonyesha kwamba hicho ndicho alichokileta kutoka kwenye pua yake. Kinyume chake, askari ambaye ripoti yake inapishana na video, na ambaye akiwekwa kwenye maswali ya dodoso anajibu kwamba “kompyuta ndiyo iliyoandika”, anaweza kuaminiwa au kukanushwa iwapo tu rasimu ipo. Ikiwa haipo, jibu hilo ni mlango ambao hakuna anayeweza kuufunga.

Wapo wanaosema tusihangaike na rasimu, tupige marufuku. Ofisi ya mwendesha mashtaka wa King County, jimbo la Washington, mwaka 2024 iliziambia idara za polisi kwamba haitapokea ripoti ambazo masimulizi yake yameandikwa na akili mnemba, ikitaja ripoti iliyomweka kwenye tukio askari ambaye hakuwepo. Naiheshimu hatua hiyo. Ilichukuliwa na watu wanaopeleka ripoti mahakamani na wanaojua kiapo kina maana gani. Udhaifu wake ni kwamba marufuku bila kumbukumbu hailindwi na chochote ila uaminifu wa anayekatazwa. Novemba 2025, Jaji Sara Ellis wa mahakama ya shirikisho mjini Chicago, katika uamuzi mrefu kuhusu nguvu iliyotumiwa na maofisa wa uhamiaji, aliandika kwenye tanbihi kwamba video ya kamera ya kifuani ilimwonyesha ofisa akiipa ChatGPT sentensi fupi na picha kadhaa ili imtungie masimulizi ya ripoti. Jaji aliona jambo hilo linapunguza kuaminika kwa ripoti hizo, na kwamba huenda linaeleza kwa nini zilipishana na video. Hakuna lebo iliyolifichua, na hakuna marufuku ambayo ingelifichua. Lilijulikana kwa kuwa kamera ilikuwa ikirekodi na rekodi ilitunzwa.

Sheria ya California yenyewe ina mapengo, na wanaoitumia wayajue mapema. Inataka kumbukumbu ya ukaguzi inayoonyesha, kwa uchache, nani alitumia programu na ni rekodi zipi za video na sauti zilizotumika. Kiwango hicho cha chini hakitaji toleo la modeli lililokuwa likitumika siku hiyo, ingawa modeli hubadilishwa na kampuni wakati wowote na rekodi ileile inaweza kutoa masimulizi tofauti mwezi unaofuata. Hakitaji maandishi ya sauti yaliyo katikati ya rekodi na rasimu, na hapo ndipo ukanusho hupotea. Neno “kwanza” nalo litazua ubishi. Askari asiyependa rasimu anaweza kuiomba programu itunge upya, mara mbili, mara tatu, hadi apate inayomfaa. Ya kwanza itatunzwa, lakini aliyoifanyia kazi ni ya nne. Anayetaka kuona kilichotokea anahitaji vitu vinne kwa pamoja: sauti, maandishi yake, kila rasimu iliyotolewa, na ripoti iliyosainiwa. Akivipanga sambamba, sentensi kwa sentensi, ataona zipi zilipita bila kuguswa, zipi ziliondolewa, zipi ziliongezwa na binadamu. Zile zilizopita bila kuguswa huku video ikizikanusha ndizo za kuanzia maswali.

Kanuni hii inavuka ripoti. Detroit, Januari 2020, mtu mmoja alikamatwa mbele ya familia yake na kushikiliwa kama saa 30 kwa wizi wa saa za dola 3,800 ambao hakuufanya. Programu ya kutambua nyuso ilikuwa imeilinganisha picha hafifu ya kamera ya dukani na picha ya leseni yake ya zamani ya udereva. Kosa la programu lilikuwa mwanzo tu. Baada yake polisi waliipanga picha yake pamoja na nyingine tano na kumwonyesha mtu wa ulinzi ambaye hakuwa ameuona wizi. Alikuwa ameangalia video tu. Utambuzi huo wa pili ulionekana kama uthibitisho huru, kumbe ulikuwa mwangwi wa ule wa kwanza: programu ikikuletea anayefanana, na shahidi akaulizwa nani anafanana, jibu limeshapikwa. Maridhiano ya Juni 2024, yaliyomaliza kesi aliyoifungua dhidi ya jiji, yalipiga mahali penyewe. Yanawakataza polisi wa Detroit kumkamata mtu kwa matokeo ya programu pekee, au kwa gwaride la picha lililofuata moja kwa moja matokeo hayo, na yanataka kesi za tangu mwaka 2017 zilizotumia teknolojia hiyo kupata hati ya kukamata zikaguliwe. Mahakama ya rufaa ya New Jersey mwaka 2023 ilikwenda upande wa kumbukumbu: iliamua mshtakiwa apewe taarifa za programu iliyotumika, viwango vyake vya makosa, picha iliyopitishwa pamoja na marekebisho yaliyofanywa juu yake, na orodha ya watu wengine ambao programu iliwataja. Orodha hiyo ya wengine ina thamani kubwa. Inamwonyesha jaji kwamba programu haikusema “ni huyu”. Ilisema “yaweza kuwa mmoja wa hawa”, na binadamu akachagua.

Ipo hoja moja inayonisumbua kwa haki. Kutunza kumbukumbu zote kunaweza kugeuka kuwa ufuatiliaji mwingine. Sheria ya Ulaya ya akili mnemba, ambayo makatazo yake yalianza kutumika Februari 2025, inawaruhusu polisi kutambua nyuso papo hapo mahali pa umma kwa sababu chache tu na kwa kibali cha awali cha mahakama au mamlaka huru. Panapokuwa na dharura, kibali kiombwe ndani ya saa 24, na kikikataliwa, data na matokeo yote hufutwa. Huko kufuta ndiyo kinga. Uingereza nako, katika rufaa ya mwaka 2020 dhidi ya polisi wa South Wales, alama za nyuso za wapita njia wasiolingana na orodha ya watu waliokuwa wakisakwa na polisi zilikuwa zikifutwa papo hapo. Mahakama hata hivyo ilikuta matumizi hayo si halali, kwa kuwa sera iliwaachia askari hiari pana mno ya kuamua nani awekwe kwenye orodha na kamera ziwekwe wapi. Migongano hii inatatulika ukitenganisha kumbukumbu za watu na kumbukumbu za matendo ya polisi. Uso wa mpita njia ufutwe. Orodha iliyotumika, aliyeiidhinisha, saa ya utafutaji, matokeo na jina la aliyeyathibitisha vibaki. Rasimu ya ripoti imo kwenye kundi la pili: haimfichui raia yeyote zaidi ya ripoti yenyewe inavyomfichua.

Jaribio la kweli litakuja siku rasimu itakapokosekana. Sijaona kwenye sheria ya California kifungu kinachosema ripoti itupwe au kesi ifutwe idara isipoitunza rasimu. Jaji atakuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kurudi kwenye kipimo cha mwaka 1988, aulize palikuwa na nia mbaya au la, na kwa kuwa kampuni ilibadili mpangilio au askari alitumia simu yake binafsi, aseme haipo na kesi iendelee. Ya pili ni kuona kwamba bunge la jimbo limeshauondoa mjadala wa nia kwa kuweka wajibu, hivyo aliyeuvunja abebe hasara: ripoti isiaminiwe pale inapopishana na video, au baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, lielezwe kwamba rasimu ilitakiwa kuwepo na haipo. Njia ya pili ndiyo inayoipa sheria meno, lakini haitafunguka yenyewe. Na maofisa wa shirikisho, kama wale wa Chicago, hawafungwi na sheria ya jimbo hata kidogo. Kwao kila kitu kinaanzia kwenye ombi la wakili. Ombi hilo liwe limewasilishwa wiki ya kwanza ya kesi, kabla muda wa kuhifadhi haujaisha popote: rekodi ya sauti na picha, maandishi yaliyotokana nayo, kila rasimu iliyozalishwa, jina na toleo la programu, mipangilio ya idara siku ya tukio, na jina la aliyebonyeza kitufe.